Stan Smith ao Puma Suede: utachagua gani?

Kama uko na mutoto wa miaka 15 ao zaidi ndani ya nyumba, neno "basketi" umekwisha kulisikia. Na kama wewe mwenyewe ndiye kijana, unalijua kuliko sisi watu wakubwa. Zamani basketi ilikuwa kiatu cha kuchezea na cha kukimbilia. Ukiisha kucheza, unaivua. Leo watu wanaivaa na suruali safi, wanaenda nayo kutembelea jamaa, kwenye mazoezi ya kwaya, na hata mujini. Na zile zinazotafutwa sana haziko zile za kisasa zenye soli nene kama mukate. Ni zile za mutindo wa zamani, ambazo hata babu angeweza kuvaa bila haya: soli ya kulala chini, umbo jembamba, mapambo kidogo.

Kati ya hizo, kuna mbili ambazo majina yake yanarudi kila mara. Ya kwanza ni Stan Smith ya kampuni Adidas, ile nyeupe yenye kipande cha kijani kwenye kisigino. Ya pili ni Suede ya kampuni Puma, ile ya ngozi yenye manyoya mafupi, na mustari mupana unaopita pembeni. Kijana anasimama mbele ya meza ya muuzishaji, anashika moja mukono wa kuume na nyingine mukono wa kushoto, na feza yake inatosha pea moja tu. Achukue gani?

Usiseme ni jambo dogo. Weka bei ya pea moja ya kweli kando ya bei ya mufuko wa unga wa kilo 25, halafu uhesabu mifuko. Katika miji yetu ya migodi kuna vijana wanaoacha masomo kwa majuma mazima na kwenda kuosha mawe mutoni, juu ya feza ya basketi. Kuna pia wazazi wanaokopa. Kiatu kilichokula feza ya namna hiyo, kisha kikafa katika mwezi wa pili wa mvua, kinaleta maneno nyumbani. Basi tuvitazame viatu hivi viwili polepole, ndani na inje.

Watoto wa mama mumoja

Wengi hawajui kwamba Adidas na Puma zilitoka katika nyumba moja. Katika inchi ya Ujerumani, jimbo la Bavaria, kuna muji mudogo unaoitwa Herzogenaurach. Kule kulikuwa mama mumoja, Pauline Dassler, ambaye alikuwa anafua nguo za watu. Kisha vita ya 1914 mupaka 1918, mutoto wake Adolf, ambaye watu walimuita Adi, akaanza kushona viatu vya michezo katika chumba kile cha kufulia cha mama yake. Ndugu yake mukubwa Rudolf akaingia naye katika kazi, na mwaka wa 1924 wakaandikisha kampuni ya Ndugu Dassler. Adi alikuwa mutu wa mikono, mwenye kutafuta kila siku namna ya kutengeneza kiatu kizuri zaidi. Rudolf alikuwa mutu wa kinywa, mwenye kujua kuuzisha. Nyumba yenye watu wawili wa namna hiyo inafanikiwa. Mwaka wa 1936, katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin, Mumarekani mweusi Jesse Owens alipata medali ine za zahabu, na alikimbia na viatu vya Dassler.

Lakini ndugu hawa wakakosana. Kila mutu anasimulia sababu yake: wengine wanasema vita, wengine wanasema wake zao, wengine wanasema feza. Mwaka wa 1948 wakagawanya kila kitu, mashini na wafanyakazi. Rudolf alivuka muto Aurach na kuanzisha kampuni ambayo kwanza aliiita Ruda, kisha Puma. Adi naye aliunganisha jina lake la nyumbani na mwanzo wa jina la jamaa: Adi-Das. Muji wote ukagawanyika. Ilisemwa kwamba watu wa Herzogenaurach wanatembea kichwa kikiinama, sababu kabla ya kusalimia mutu wanatazama kwanza amevaa viatu gani. Rudolf alikufa mwaka wa 1974, Adi mwaka wa 1978. Walizikwa katika makaburi yale yale ya muji, lakini mumoja upande huu na mwingine upande ule wa mwisho kabisa.

Ilifika mwezi wa kenda mwaka wa 2009 ndipo wafanyakazi wa kampuni zile mbili wakacheza mupira pamoja na kupeana mikono. Wakati huo kampuni hazikuwa tena mikononi mwa watoto wa Dassler. Basi ukiona vijana wawili wanabishana mbele ya duka, huyu "Adidas!" na yule "Puma!", ujue wanaendelesha ugomvi wa watoto wa mama mumoja, na wenyewe wenye ugomvi walikwisha kulala zamani.

Smith wawili

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Viatu hivi vyote viwili vina mutu anayeitwa Smith katika historia yake, na watu hao hawana udugu wowote.

Stan Smith ni muchezaji wa tenisi wa Marekani. Alishinda mashindano makubwa ya inchi yake mwaka wa 1971, na Wimbledon, kule Uingereza, mwaka wa 1972. Lakini kiatu kilimutangulia. Adidas walikitengeneza katika miaka ya 1960 kwa ajili ya muchezaji Mufaransa, Robert Haillet. Katika miaka ya 1970 ndipo jina na sura ya Stan Smith vikawekwa kwenye ulimi wa kiatu. Tazama pembeni yake: hakuna mistari mitatu ya Adidas iliyoshonwa, kuna mistari mitatu ya matundu madogo tu. Kampuni ilikiondoa sokoni kwa muda, na mwaka wa 2014 ikakirudisha, na tangu hapo kimeingia kila mahali.

Smith wa pili ni Tommie Smith, mukimbiaji. Tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka wa 1968, katika muji wa Mexico, alishinda mbio za metre 200 kwa sekunde 19.83, mwanadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 20 katika mbio za Olimpiki. Yeye na mwenzake John Carlos, aliyekuwa wa tatu, walipanda kupokea medali bila viatu, na soksi nyeusi tu, ili kuonyesha umasikini wa watu weusi katika inchi yao. Wakati wimbo wa taifa ulipokuwa ukipigwa, kila mumoja aliinua ngumi juu katika kifuniko cha mukono cheusi. Na kila mumoja alikuwa amebeba kiatu kimoja cha Puma, akakiweka pale kwenye ngazi. Walifukuzwa katika michezo ile. Suede ilianza mwaka ule ule wa 1968. Nyuma yake, mwaka wa 1973, Puma walitengeneza ndugu yake, Clyde, kwa ajili ya Walt Frazier wa basketiboli ya New York, na katika miaka ya 1980 vijana wa mitaa ya New York waliokuwa wakicheza dansi ya kuzunguka chini kwa mugongo waliichukua kuwa yao.

Sasa tuache historia, tuingie katika vumbi letu.

Ngozi mbili, barabara moja

Ngozi ya ngombe iko na pande mbili. Upande wa inje, pale manyoya ya munyama yalikuwa, ni laini na umefungwa. Ukipakwa rangi na mafuta yake, maji yanateleza kwanza kabla ya kuingia. Upande wa ndani uko wazi. Wakiukwaruza, unatoa manyoya mafupi, laini kama kichwa cha mutoto muchanga. Hiyo ndiyo ngozi ambayo kwa Kifaransa wanaiita daim, na kiatu cha Puma kimeitwa kwa jina lake la Kiingereza. Ni ngozi ya kweli, haiko ya uongo, lakini haina mulango wa kufunga. Maji yanaingia, mafuta yanaingia, vumbi linalala kati ya manyoya.

Wengi watakuambia: "Basi jambo limekwisha, chukua ile laini." Ngoja kwanza. Vumbi letu jekundu na matope yetu mekundu ni mambo mawili mbalimbali.

Wakati wa kipwa, tangu mwezi wa tano mupaka mwezi wa kumi, hakuna tone. Vumbi ni kavu. Stan Smith nyeupe inatoka nyumbani asubui ikiwa nyeupe, na saa sita iko rangi ya tofali. Kweli, inapanguswa kwa kitambaa, lakini yale matundu madogo na nyuzi za kushonea vinabaki vyekundu, na baada ya miezi mitatu kila mutu anaona. Suede nyeusi ao ya bluu nzito, kinyume, inapigwa burosi kavu mara kumi na inarudi. Wakati wa kipwa, nasema bila woga, Suede yenye rangi ya giza inashinda.

Halafu mvua ya mwezi wa kumi na moja inaanguka, na mambo yanageuka. Katika mitaa yetu mingi hakuna lami. Mutu anakanyaga matope kutoka mulango wake mupaka barabara kubwa. Matope yaliyoingia katika manyoya ya Suede yakiwa maji yanabeba rangi nyekundu mupaka ndani. Ngozi inakauka ngumu kama karatasi ya boksi, manyoya yanashikamana, na kama rangi ya kiatu ni ya kungaa, kijani ao bluu, inaweza kupaka soksi yako. Stan Smith unaipeleka kwenye beseni, unaipangusa, na kesho inatembea.

Kwa hiyo, kijana mwenye pea moja tu kwa mwaka muzima, na ambaye anatembea kwa miguu, achukue ile ya ngozi laini. Mwenye kiatu kingine cha mvua nyumbani, hata kama ni kiatu cha mupira cha bei ndogo, anaweza kuchukua Suede na kuifungia ndani toka mwezi wa kumi na moja mupaka wa ine. Kama unaendesha moto ya kubeba watu, jua kwamba chuma cha kubadilishia vitesi kitapaka juu ya kiatu chako cha kushoto alama nyeusi, na kwenye kiatu cheupe haitoki yote. Mimi ningemuambia dereva wa moto aache nyeupe kabisa.

Soma kile kitambulisho kidogo

Hapa ndipo watu wengi wanapotezea feza. Jina Stan Smith haliahidi tena ngozi. Mwaka wa 2021 kampuni ilibadilisha ile ya kawaida: inje yake ikawa ya kitu cha kutengenezwa kiwandani, na sehemu yake ni plastiki iliyotumiwa zamani na kuyeyushwa tena. Zile za ngozi ya kweli zinapatikana, lakini ni za aina mbalimbali na kwa kawaida bei inapanda. Ile ya kiwandani inapanguswa vizuri, hata upesi zaidi kuliko ngozi. Ubaya wake ni pale vidole vinakunjama. Ngozi ikikunjama inafanya mikunjo, unaipaka mafuta, inaendelea. Plastiki ikikunjama mara nyingi inapasuka, na pale ilipopasuka fundi hana la kufanya.

Utajuaje? Viatu vinavyouzishwa katika inchi za Ulaya vinapaswa kubeba alama ndogo, kwenye kitambulisho cha ndani ao chini ya soli. Iko na picha za sehemu tatu za kiatu: inje, ndani, na soli. Kando ya kila sehemu kuna alama ya kitu kilichotumiwa. Alama yenye umbo la ngozi ya munyama iliyotandazwa maana yake ni ngozi. Alama kama wavu maana yake ni kitambaa. Alama ya pembe ine iliyosimama kwa ncha yake, kama almasi kwenye karata, maana yake ni kitu kingine, yaani plastiki ao mupira. Na ukiona umbo la ngozi lenye almasi ndogo ndani yake, ni ngozi iliyofunikwa na tabaka la plastiki. Alama hizi hazihitaji kujua Kifaransa wala Kiingereza. Mufundishe hata mutoto wa darasa la ine.

Viatu vya kuigiza vimejaa sokoni, na vingine vinabeba alama zote hizo kwa uongo. Basi tumia pia mikono. Pitisha kidole juu ya Suede: manyoya ya kweli yanalala, na rangi inageuka nzito ao nyepesi mahali kidole kilipita. Tone moja la maji linaingia na kuacha alama ya giza. Ikiwa linabaki juu na kuteleza, uliza maswali. Kunusa pia kunasaidia, sababu kiatu cha gundi mbaya kinanuka kabla haujafungua boksi vizuri. Linganisha namba ya kiatu iliyo kwenye boksi na ile ya kitambulisho cha ndani. Kisha fuata pembeni ya soli kwa ukucha. Viatu hivi viwili vina soli ya namna ya kikombe, maana yake soli inapanda na kukumbatia kiatu pande zote. Tafuta uzi unaoshona ukingo ule. Uzi ukiwepo, na ukiwa wa kweli, siyo mistari iliyochorwa tu katika mupira, siku moja ukingo ukifunguka fundi wa viatu wa barabarani anaweza kuurudilia kwa sindano yake. Palipo gundi peke yake, utabandika na kubandika tena.

Kuhusu viatu vya balo, vile vilivyovaliwa na wengine kule Ulaya: mimi sivikatai. Mara nyingi Stan Smith ya zamani ya ngozi, iliyotoka katika balo, ni bora kuliko mupya ya kuigiza. Kunja kiatu katikati na utazame mipasuko. Weka mukono ndani na uguse pale kisigino kinakaa. Kama kitambaa cha ndani kimetoboka mupaka plastiki ngumu, kitakukata mguu.

Mguu ni wako, siyo wa rafiki

Nenda kujaribu viatu mangaribi, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi ya siku, na uvae soksi. Usiamini namba. 42 ya Adidas na 42 ya Puma hazilingani sawasawa, na watu wengi wanaona kwamba Stan Smith inakaa kubwa kidogo, wakati Suede inabana wale wenye miguu mipana. Simama kwa miguu yote miwili, sababu mguu mumoja karibu siku zote ni mukubwa kuliko mwingine, na upime na ule mukubwa. Mbele ya kidole kirefu paache nafasi ya upana wa kidole gumba. Wazazi wanaonunua namba mbili zaidi "ili mutoto akue ndani yake" wanaharibu kiatu mara mbili: kinakunjama mahali pasipofaa, na kinakwisha kabla mutoto hajakua.

Neno moja tena kwa vijana wanaofanya kazi kwenye migodi. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo kiatu cha kazi. Mbele yake hakuna chuma cha kulinda vidole, soli yake ya kulala chini inateleza juu ya udongo wenye maji, na pale viwandani ambapo wanatumia asidi ya kuyeyushia shaba, tone moja linatosha. Mutu anayeshuka katika shimo na basketi kwa sababu feza ya mabuti aliimaliza kwa basketi ile ile, amepanga hesabu yake kichwa chini. Mabuti kwanza. Hata kwa mupira wa miguu hazifai tena: zilitengenezwa kwa michezo ya zaidi ya miaka 50 iliyopita, na leo ni viatu vya kutembelea.

Kuosha bila kuua

Stan Smith: toa kamba, uzifue peke yake. Chukua maji kidogo, sabuni ya kipande, kitambaa laini, na burosi ya meno ya zamani kwa yale matundu. Usitumbukize kiatu kizima ndani ya ndoo. Maji ya Javel acha kabisa. Yanafanya soli kuwa ya manjano na yanakula uzi wa kushonea. Wakati kiatu kiko majimaji bado, watu wengine wanakifunga katika karatasi nyeupe ya chooni na kukiacha ndani ya kivuli; ile manjano ya sabuni inatoka kwenye karatasi badala ya kubaki kwenye kiatu. Kinafanya kazi vizuri.

Suede: ukirudi na matope, usiguse. Hapa ndipo mama zetu wenye kupenda usafi wanaharibu, wanakimbilia sabuni ya unga. Acha matope yakauke kabisa mupaka kesho, uyavunje kwa vidole, kisha upige burosi kavu, kila mara upande mumoja. Mahali panapongaa kwa mafuta ao jasho, tumia gomu ya shule, ile nyeupe ya kufutia kalamu, na usugue polepole mupaka manyoya yainuke. Kama mvua imekupata njiani, jaza ndani karatasi za gazeti, uzibadilishe mara moja usiku, na uweke kiatu mbali na jua na mbali zaidi na babula. Moto wa makala unakaza ngozi kwa saa moja tu, na hakuna mafuta yanayoirudisha. Kiache siku mbili, kisha ndipo uchukue burosi.